Kinini cha Maumivu Si Chakula cha Mbio



Katika ukurasa wa usalama tumekwisha kusema mengi juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, vumbi na baruti. Leo nataka kusema juu ya kitu kidogo sana, kisichofika uzito wa gramu moja, ambacho kila mtu anacho mfukoni au juu ya kabati. Ni kinini cha maumivu: asipirini, ibuprofeni ambayo wengi huiita Brufen, diklofenaki na parasetamoli. Kinauzwa farmasi, kinauzwa sokoni pamoja na sabuni na chumvi, kinauzwa kimoja kimoja bila karatasi yake. Kwa sababu tunakiona kila siku, tumefikiri hakina meno. Meno kinayo.

Neno langu ni hili, na nalisema waziwazi: kumeza kinini cha maumivu kabla ya mbio, kabla ya mechi au kabla ya kazi nzito, ili maumivu yasije, ni tabia ya hatari na haina faida. Na yule anayewagawia wenzake vinini hivyo, awe mwalimu wa timu, nahodha au shefu wa kazi, lawama ni yake pia.

Ni nani mwanamichezo wa mbio ndefu?

Mtu atasema: "Habari hiyo ni ya wakimbiaji wa Ulaya, sisi haituhusu." Tutazame basi hapa kwetu, kwenye kichwa cha ziwa Tanganyika. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na nyuma ya mji wa Uvira milima inapanda ghafula kupita mita 2,000. Kuna kijana anayekimbia asubuhi kwenye barabara ya Kalundu ili apate nafasi katika timu. Kuna mtu wa baiskeli anayesukuma mizigo katika bonde la Ruzizi, jua likiwa kichwani. Kuna mama anayeshuka kutoka vilimani na mzigo mgongoni. Kuna mchimbaji wa dhahabu kule Misisi, katika eneo la Fizi, anayepiga nyundo na kubeba mawe tangu alfajiri. Na ng'ambo ya mpaka, Burundi, kijana mmoja aitwaye Vénuste Niyongabo alikimbia mita 5,000 akaleta medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996. Basi vijana wetu wanapoota mbio ndefu, hawaoti upuuzi.

Wote hao mwili wao ni mmoja. Figo haijui kama mwenyewe anakimbilia medali au anakimbilia unga. Inajua mambo matatu tu: joto, upungufu wa maji, na dawa iliyoingia.

Dawa inafanya nini mwilini

Mwili wetu hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Vitu hivi vina kazi nyingi. Kazi ya kwanza ni kuleta uchungu na uvimbe mahali palipoumia. Kazi ya pili ni kulinda ngozi ya ndani ya tumbo isichomwe na asidi ya chakula. Kazi ya tatu ni kufungua mishipa ya figo, ili damu iendelee kupita hata wakati ni kidogo.

Asipirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia mwili kutengeneza vitu hivyo. Lakini dawa haichagui. Haisemi, "Mimi nitanyamazisha goti peke yake." Inapoondoa uchungu wa goti, inaondoa pia ulinzi wa tumbo na msaada wa figo.

Kwa mtu aliyekaa kivulini, ameshiba, amekunywa maji, figo zake nzima, kinini kimoja kwa siku moja mara nyingi hakileti shida. Lakini tazama mtu anayekimbia saa mbili juani. Damu yake nyingi imekwenda kwenye misuli ya miguu na kwenye ngozi ili kupoza mwili. Tumbo na figo zimebaki na damu kidogo. Jasho limetoka, maji yamepungua. Tena misuli iliyochoka sana huvunjika kidogo kidogo na kumwaga uchafu wake katika damu, na ni figo zinazopaswa kuuchuja. Saa hiyo ndiyo figo zinahitaji ule msaada wa prostaglandini kuliko saa nyingine yote, na saa hiyo ndiyo mwenyewe ameuzima kwa kinini.

Kuna na jambo la maji. Dawa hizi zinaweza kuzuia figo kutoa maji yaliyozidi. Mkimbiaji anayemeza kinini kisha anakunywa maji mengi mno bila chumvi, damu yake inakuwa nyepesi, chumvi yake inashuka, na ubongo unavimba. Mbio za Boston za mwaka 2002 zilionyesha kwamba upungufu huo wa chumvi si jambo la nadra: kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walipofika mwisho, 13 kwa kila 100 walikuwa nao. Sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita kiasi. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba akimeza kinini atajiokoa kwa kujaza tumbo maji.

Asipirini ina jambo jingine linalotuhusu sisi wa mgodini. Inazuia damu kuganda, na nguvu yake hiyo hukaa mwilini kwa muda wa juma moja au zaidi. Mtu aliyemeza asipirini kwa ajili ya mechi ya Jumapili, akikatwa na chuma siku ya Jumanne, damu yake itachukua muda mrefu zaidi kukatika.

Parasetamoli ni ya ukoo mwingine. Haiumizi tumbo na figo kwa namna ile, lakini adui yake ni ini. Mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 kwa siku nzima, yaani vinini 8 vya miligramu 500, navyo viachane kwa saa. Mwenye mwili mdogo, asiyekula vizuri au mnywaji wa pombe, kipimo chake ni chini ya hapo. Anayemeza vinini vinne vinne, kisha jioni anakaa mbele ya kasiksi au lotoko, anaunguza ini lake pande mbili.

Mambo yaliyoonekana kwa wengine

Mwaka 2010, katika mbio za Bonn huko Ujerumani, waganga waliwauliza wakimbiaji juu ya dawa. Watu 3,913 walijibu. Karibu nusu yao walikuwa wamemeza dawa ya maumivu kabla ya kuanza. Kati ya waliomeza, 16 kwa kila 100 walieleza kupata taabu kama vile maumivu ya tumbo, damu au moyo kwenda vibaya. Kati ya wasiomeza walikuwa 4 kwa kila 100. Watu tisa walilazwa hospitali: watatu figo zilisimama kwa muda baada ya ibuprofeni, wanne walitoka damu baada ya asipirini, na wawili walipatwa na shambulio la moyo baada ya asipirini. Wote tisa walikuwa upande wa waliomeza. Kweli, watu hao walijieleza wenyewe, na hesabu ya namna hiyo haiwezi kumaliza kila neno. Lakini mtu mwenye akili akiona moshi hangoji kuona moto.

Mwaka 2006 waganga wa Marekani walitoa habari ya mbio za kilomita 160 milimani. Waliomeza ibuprofeni walipolinganishwa na wasiomeza, misuli yao ilikuwa imeumia vilevile na uchungu wao ulikuwa uleule. Tena uvimbe katika damu yao ulikuwa mkubwa zaidi. Basi faida iko wapi?

Mwaka 2017 kulitolewa jaribio lingine. Wakimbiaji wa jangwani waligawanywa kwa kura: wengine walipewa ibuprofeni, wengine kinini kisicho na dawa, na hakuna aliyejua alichopewa. Figo ziliumia kwa watu 52 kwa kila 100 upande wa ibuprofeni, na 34 kwa kila 100 upande mwingine. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, hata waganga hawakuweza kusema kwamba shauri limefungwa kabisa. Lakini tazama pia ile hesabu ya pili: hata bila dawa, mbio ndefu peke yake hulemea figo. Kwa nini tuziongezee mzigo?

Wapenda mpira nao wasikie. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 huko Afrika Kusini, waganga wa FIFA walikuta kwamba karibu wachezaji wanne kwa kila kumi walimeza dawa ya maumivu kabla ya kila mechi. Hao walikuwa na waganga pembeni yao. Na hata mganga pembeni si ngao. Ivan Klasnić, mshambuliaji wa Kroatia, figo zake zilikufa akiwa bado kijana, na mwaka 2007 akapandikizwa figo ya baba yake, baada ya ile ya mama yake kukataliwa na mwili. Aliwashitaki waganga wa timu yake kwamba dalili za figo zilikuwamo katika vipimo vya damu, nao wakaendelea kumpa dawa za maumivu. Mwaka 2017 mahakama ya Bremen iliamua alipwe fidia. Yeye alikuwa Ulaya, alipata hospitali na mashine ya kusafisha damu. Huku kwetu mashine hizo ni chache, safari ni ndefu, na gharama inaweza kumaliza nyumba, ng'ombe na shamba.

Hatari zetu wenyewe

Hapa kwetu kuna mambo yanayozidisha hatari kuliko kule Bonn. La kwanza ni joto la bonde. La pili ni kuhara. Uvira inajua kipindupindu kwa miaka mingi. Mtu aliyehara jana, hata kama leo amesimama, mwili wake bado una deni la maji. Akimeza Brufen na kwenda kucheza, anacheza na figo zake. La tatu ni malaria. Homa na maumivu ya viungo ni sauti ya ugonjwa. Anayezima homa kwa vinini ili akimbie, hakutibu malaria, ameificha tu, na malaria iliyofichwa huua. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

La nne ni mchanganyiko. Kinini kimoja cha sokoni kinaweza kuwa na dawa mbili au tatu ndani yake. Mtu anameza hicho, kisha anaongeza diklofenaki, kisha rafiki anampa Brufen. Yeye anahesabu vinini vitatu vya majina matatu. Tumbo lake linahesabu mara tatu dawa ya ukoo mmoja.

La tano ni dawa kali. Tramadoli si ndugu ya asipirini. Ni ya ukoo wa afyuni. Inalevya, inazoesha, na ikizidi inaweza kusimamisha pumzi au kuleta kifafa. Katika nchi za Afrika Magharibi imewaharibu vijana wengi waliotaka nguvu ya kazi. Katika michezo, chama cha baiskeli cha dunia kiliikataza tangu Machi 2019, na Nairo Quintana wa Kolombia akafutiwa nafasi yake ya sita ya Tour de France ya 2022 kwa sababu yake. Tangu tarehe 1 Januari 2024 imekatazwa katika mashindano ya michezo yote. Sindano za viungo za jamii ya kortizoni nazo zina mtego wake: Diana Kipyokei wa Kenya alishinda Boston mwaka 2021, kisha akanyang'anywa ushindi kwa ajili ya dawa ya jamii hiyo iitwayo triamsinoloni. Kijana anayeota kukimbia mbali ajue kwamba sindano ya kichochoroni inaweza kumfungia mlango wa dunia.

"Nisipomeza, watoto watakula nini?"

Najua swali hili litaulizwa, na ni swali la haki. Mtu wa baiskeli au mchimbaji hana siku ya kuumwa inayolipwa. Kumwambia "pumzika" bila neno jingine ni kumdhihaki.

Lakini tuhesabu vizuri. Mgongo unaouma leo unaomba siku moja au mbili. Mgongo ulionyamazishwa kwa vinini miezi sita utaomba mwaka. Figo ikifa haitaomba tena siku. Itaomba maisha yote. Maumivu ni kengele ya mashine. Fundi anayekata waya wa kengele ili mashine iendelee kuzunguka hajatengeneza mashine. Mgodini fundi wa namna hiyo tungemfukuza. Kwa nini tunamsifu anapofanya hivyo kwa mwili wake?

Tena naona kwamba lawama si ya mmeza peke yake. Timu inayocheza mechi tatu kwa juma, saa nane mchana, bila maji pembeni, ndiyo inayozaa vinini. Shefu anayesema, "Meza uendelee," naye hataki kuuliza kwa nini watu wanne wa zamu moja wana maumivu ya mgongo, ndiye anayezaa vinini. Mahali ambapo watu wengi wanameza, kuna kazi au mazoezi yaliyopangwa vibaya. Hapo ndipo pa kutengeneza kwanza. Mzigo upunguzwe au ubebwe na wawili. Mechi ianze jioni. Bidoni ya maji safi iwe uwanjani kabla ya mpira. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji na maji ya chumvi na sukari, lisiwe duka la vinini.

Kila mtu ashike haya

1. Usimeze dawa ya maumivu kabla ya mbio, mechi au kazi nzito ili kuzuia maumivu ambayo hayajaja. Ukiona huwezi kuanza bila kinini, usianze.

2. Usimeze asipirini, ibuprofeni au diklofenaki wakati wa mbio, wala mara baada yake. Ngoja upoe, unywe, ule, na ukojoe mkojo mweupe.

3. Baada ya hapo, maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo chake ni afadhali, bila pombe. Usimeze siku nyingi mfululizo. Zikipita siku tatu, nenda kituo cha afya.

4. Usichanganye dawa mbili za ukoo mmoja. Usinunue kinini kisicho na karatasi yake.

5. Wenye vidonda vya tumbo, presha, sukari, ugonjwa wa figo au wa moyo, na wenye ugonjwa wa selimundu, wamwulize munganga kwanza. Mama mwenye mimba naye vilevile. Mtoto mwenye homa asipewe asipirini.

6. Kunywa maji safi kwa kadiri ya kiu, na usile bila chumvi. Ukihara, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo, na ufike kituo cha afya upesi.

7. Kwa msuli uliovutika: pumzisha, weka kitambaa cha maji baridi, funga kwa bandeji, inua mguu. Kisha rudi mazoezini polepole.

8. Kimbilia hospitali, bila kungoja kesho, ukiona: mkojo mweusi kama chai kavu au kukosa mkojo, choo cheusi kama lami, kutapika damu, kifua kubana, uso au miguu kuvimba, macho kuwa manjano, au mkimbiaji kuchanganyikiwa na kuanguka. Umwambie munganga kila kinini ulichomeza, bila haya.

Ndugu zangu, dawa za maumivu si adui. Asipirini inauzwa tangu mwaka 1899 na imewasaidia watu wengi. Ibuprofeni ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 na mpaka leo ina kazi yake mikononi mwa munganga. Panga nalo ni zuri shambani, lakini hatumpi mtu anayekimbia gizani. Mshindi wa kweli ni yule anayemaliza mbio na kesho yake anaamka, anakojoa vizuri, anakwenda kazini, na jioni anakula pamoja na watoto wake. Medali na mshahara vinatafutwa tena. Figo mbili tulizopewa hazina duka.